Mannesmann: Kampuni ya Mabomba Iliyomezwa kwa Sababu ya Simu

Mannesmann ilikuwa mojawapo ya kampuni kubwa za viwanda nchini Ujerumani, yenye makao yake Düsseldorf. Ilidumu miaka 110, kisha ikanunuliwa na Waingereza na kugawanywa vipande.

Mwanzo wake ni bomba. Katika miaka ya 1880 ndugu wawili wa mji wa Remscheid, Reinhard na Max Mannesmann, walipata njia ya kutengeneza bomba la chuma lisilo na kiungio. Kabla ya hapo bomba lilikuwa bamba lililokunjwa na kuunganishwa ubavuni, na pale penye kiungio ndipo palipopasuka mvuke ulipozidi nguvu. Ndugu hawa walichukua pande zima la chuma, jekundu kwa moto, wakalipitisha kati ya magurudumu yaliyowekwa mshazari. Chuma kikisokotwa hivyo hufunguka chenyewe katikati. Kampuni iliundwa mwaka 1890.

Ikapanuka hadi kwenye makaa ya mawe na chuma. Enzi ya Hitler, mkuu wake Wilhelm Zangen aliongoza pia jumuiya ya kitaifa ya wenye viwanda, na watu walifanyishwa kazi kwa lazima. Ukurasa huo si wa kurukwa. Baada ya vita iliongeza kreni za Demag, mitambo ya Rexroth na vipuri vya magari vya VDO.

Kilichoigeuza ni leseni ya simu za mkononi iliyopata mwisho wa mwaka 1989. Mtandao wake, D2, ulifunguliwa 1992, na katika miaka michache simu zikawa na thamani kuliko mabomba na mashine zote.

Oktoba 1999 mkuu wake, Klaus Esser, alikubali kuinunua Orange ya Uingereza. Hapo aliingia uani kwa Vodafone, kampuni hiyo hiyo ambayo mwaka 2000 ilichukua asilimia 40 ya Safaricom yetu. Chris Gent wa Vodafone alijibu kwa kutaka kuinunua Mannesmann yenyewe. Esser alikataa. Kansela Gerhard Schröder naye alilalamika, lakini serikali haikuwa na kura: waamuzi walikuwa wenye hisa, na wengi wao walikuwa nje ya Ujerumani. Februari 2000 Esser alikubali. Bei ilikuwa karibu euro bilioni 180, tena haikulipwa kwa pesa taslimu bali kwa hisa za Vodafone.

Vodafone ilitaka simu tu. Orange ikauzwa kwa France Télécom, mashine na vipuri vikaenda kwa Siemens na Bosch. Na mabomba, yaliyozaa jina lenyewe? Salzgitter iliyachukua kwa bei ya mark moja.

Esser aliondoka na takriban mark milioni 60, zikiwemo bakshishi zilizoidhinishwa na bodi ya usimamizi, na jambo hilo likafika mahakamani. Washtakiwa, akiwemo Josef Ackermann wa Deutsche Bank, waliachiliwa mwaka 2004, lakini mahakama ya juu ikaifuta hukumu hiyo. Kesi ilifungwa mwaka 2006 kwa washtakiwa kulipa jumla ya euro milioni 5.8, bila yeyote kutiwa hatiani.