Ukinzani wa insulini katika seli za mafuta

Ukinzani wa insulini katika seli za mafuta ni hali ambayo seli zinazohifadhi mafuta mwilini huitikia insulini kwa udhaifu, hata homoni hiyo inapokuwa nyingi katika damu. Huambatana na unene wa kupindukia na kisukari cha aina ya 2.

Kwa kawaida, insulini kutoka kongosho hujishika kwenye kipokezi kilicho juu ya seli. Ishara hupita ndani na kuzisogeza protini za GLUT4 hadi kwenye utando, ambako huingiza glukosi. Wakati huohuo insulini huzuia kuvunjwa kwa mafuta yaliyohifadhiwa. Kazi hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya glukosi baada ya mlo huchukuliwa na misuli.

Katika unene, seli za mafuta hutanuka, GLUT4 hupungua, na chembe za kinga ziitwazo makrofaji hujaa katika tishu. Makrofaji hutoa kemikali za uvimbe, ikiwemo TNF-alfa, ambayo mwaka 1993 ilihusishwa na ukinzani huu katika panya wanene. Kwa kuwa insulini haizuii tena vizuri kuvunjwa kwa mafuta, asidi za mafuta humwagika katika damu na kulundikana kwenye ini na misuli, navyo huwa na ukinzani wa insulini. Kongosho hufidia kwa kuongeza insulini. Seli zake za beta, zinazotoa insulini, zikishindwa, sukari katika damu hupanda na kisukari hujitokeza.

Watu waliozaliwa karibu bila tishu ya mafuta nao hupata ukinzani mkali, kwani mafuta hukosa ghala salama. Dawa ya pioglitazoni huziwezesha seli za mafuta kuhifadhi mafuta vizuri zaidi.