Kwa nini CD ya kuchoma hugoma kucheza?

Harusi ya mwaka 2008 iko kabatini, kwenye DVD. Leo mnaiweka kwenye deki, inazunguka, inakwama, kisha kwenye runinga linatokea neno la kukataa. Je, harusi imepotea? Huenda bado. Tuanze na jinsi diski hizi zinavyofanya kazi.

CD ya kiwandani hugandamizwa vishimo vidogo kwenye plastiki. CD tupu tunayochomea nyimbo ni tofauti: ina tabaka la rangi maalumu. Mwale wa leza huchoma rangi hiyo na kuacha alama zinazosomwa kama vishimo. Jua na joto huiharibu, hivyo usiache diski dirishani wala ndani ya gari.

Deki inaweza kuikataa hata diski nzima, kwa sababu tatu:

1. DVD za kuchoma zina aina mbili zilizotoka kwa makundi ya kampuni zilizoshindana: DVD-R na DVD+R. Baadhi ya deki za zamani husoma moja tu.

2. Diski za kufuta na kurekodi upya, zenye herufi RW, hurudisha mwanga hafifu. Deki nyingi za zamani hazizioni.

3. Aliyerekodi hakuifunga diski alipomaliza. Diski ya namna hiyo mara nyingi husomeka kwenye mashine iliyoirekodi tu.

Kuhusu mikwaruzo, wengi wetu hulinda upande unaong'aa na kusahau ule wa maandishi. Kwenye CD, data iko karibu kabisa na upande wa maandishi, chini ya vanishi nyembamba. Mkwaruzo ukifika hapo, hautibiki. Usiandike kwa kalamu ya ncha ngumu, wala usibandike karatasi.

Diski ikigoma, ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Kisha ijaribu kwenye deki nyingine, au mpelekee fundi mwenye kompyuta.

Ikisomeka, usiirudishe kabatini kwanza. DVD moja hubeba GB 4.7, na CD MB 700; fleshi ndogo ya GB 16 inazitosha zote mbili. Weka nakala kwenye fleshi, na nyingine kwenye memori kadi ya simu ya ndugu anayeishi nyumba nyingine. Anzeni na diski yenye sauti ya bibi au babu ambaye hayupo tena. Harusi mnaweza kusimuliana. Sauti ile hakuna wa kuirudia.