Mapafu Nyuma ya Mshono wa Aota

Historia ya upasuaji wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, husimuliwa kana kwamba ni sifa za mikono ya wapasuaji tu. Mwaka 1760 Mfalme George II wa Uingereza alianguka chooni akafa. Daktari Frank Nicholls alipoufungua mwili alikuta mfuko wa moyo umejaa damu na ukuta wa ndani wa aota umechanika. Ilibidi kungoja hadi 1954 ndipo Michael DeBakey na wenzake wa Houston, Marekani, walipofanikiwa kuirekebisha aota ya namna hiyo. Wasimulizi wengi huishia hapo. Wanaacha sehemu ngumu, kwani aota ikishashonwa, mara nyingi mapafu ndiyo huamua mgonjwa atatoka lini wodi ya wagonjwa mahututi, au kama atatoka.

DeBakey mwenyewe ni ushahidi. Desemba 31, 2005, akiwa na miaka 97, aota yake ilichanika, na Februari iliyofuata mwenzake wa siku nyingi, George Noon, akampasua kwa takriban saa saba. Mshono ulishika. Pumzi ndiyo iliyokataa: alitobolewa koo, akategemea mashine ya kupumulia kwa wiki kadhaa, na matibabu yake hospitalini yakachukua miezi.

Yupo atakayesema huo ni uzee. Uzee una sehemu yake, lakini mwaka 1967 Ashbaugh na wenzake walieleza katika jarida la Lancet wagonjwa 12, wengi wao vijana, walioishiwa pumzi baada ya ajali au ugonjwa wa ghafla. Kwa mgonjwa wa aota, mchaniko wenyewe huamsha uvimbe mwilini kabla ya kisu. Kisha damu huzungushwa kwenye mipira ya mashine ya moyo na mapafu (pampu yake DeBakey aliishughulikia tangu akiwa mwanafunzi), huku mapafu yamesinyaa. Baadaye huja chupa za damu ya kuongezewa. Vishipa vya mapafu huvuja, majimaji huziba njia ya oksijeni.

Wengine watauliza: si afadhali mapafu mabovu kuliko kaburi? Ni kweli; mchaniko ulio karibu na moyo usipopasuliwa, saa za mwanzo huua takriban mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100 kila saa. Lakini namna ya kuyatunza mapafu nayo huokoa maisha: utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, uliohusu wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa kwa sababu mbalimbali, ulionyesha kuwa mashine ikisukuma pumzi ndogo, mililita 6 badala ya 12 kwa kila kilo ya uzito, vifo hushuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Maisha hayo hayakuokolewa na uzi wala sindano.