Jina la Aliye Hai

Kumpa mtoto jina la babu aliye hai si ajabu kwetu. Kwa wanakemia jambo hilo lilizusha ugomvi. Mwaka 1994 Wamarekani wa Berkeley walitangaza kwamba elementi ya 106, ambayo hutengenezwa maabara tu, iitwe siborgiamu, kwa heshima ya mwenzao Glenn Seaborg. Kamati ya kimataifa ikakataa: heshima hiyo ni ya marehemu! Wamarekani wakashikilia lao. Nyuma yake, bila shaka, kulikuwa na mashindano ya miaka mingi na Warusi wa Dubna, kila upande ukidai kutangulia. Mwaka 1997 wakapatana. Seaborg, akiwa hai, akapata jina lake. Mji wa Dubna ukapewa elementi ya 105, ambayo Wamarekani walikuwa wakiiita haniamu. Mjerumani Otto Hahn, aliyefariki mwaka 1968, akatoka mikono mitupu.