Ekaterina Dolgorukova

Ekaterina Mikhailovna Dolgorukova (1847–1922) alikuwa kimada, na baadaye mke wa pili, wa Tsar Alexander II wa Urusi. Alizaliwa Moscow katika ukoo wa kale wa Dolgorukov, ukoo wenye jina kubwa lakini ambao tawi lake hili lilikuwa limefilisika. Baba yake, Mwanamfalme Mikhail, alitapanya mali hadi shamba la familia huko Teplovka, karibu na Poltava, likazama katika madeni. Alipofariki, Tsar aliwachukua watoto wake chini ya ulezi wake, na Ekaterina akapelekwa kusoma Smolny, shule ya mabinti wa kikabaila mjini Saint Petersburg.

Hapo ndipo uhusiano wao ulipoanzia, na ni vigumu kuutazama bila kuona uzito wa mamlaka ndani yake. Alexander alimzidi kwa takriban miaka thelathini, alikuwa mlezi wake na mtawala wa dola nzima; msichana hakuwa na baba wala mahari. Kwa miezi mingi alimtembelea na kutembea naye katika Bustani ya Majira ya Joto, naye akisitasita. Wakawa wapenzi mwaka 1866. Hata hivyo, barua nyingi walizoandikiana, kwa Kifaransa na Kirusi, zinaonyesha mapenzi ya kweli ya pande zote mbili, na haki inatudai tuyataje.

Maisha yake yalikuwa ya kusubiri. Aliishi katika nyumba aliyopangiwa, akimfuata Tsar safarini bila kutajwa popote, na alikataa karamu na dansi ambazo vijana wa umri wake walizipenda. Alizaa watoto wanne: Georgy (1872), Olga (1873), Boris, aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1876, na Ekaterina (1878). Mwaka 1874 Tsar aliwapa watoto jina la Yurievsky, kwa kumbukumbu ya Yuri Dolgoruky, mtawala anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Moscow.

Majaribio ya kumuua Tsar yalipozidi, aliwahamishia Ekaterina na watoto katika Kasri la Majira ya Baridi, mumo humo alimokuwa mkewe, Maria Alexandrovna, akiugua kifua kikuu. Uamuzi huo ulimuumiza mgonjwa na kuwachukiza watoto wake wakubwa, na lawama zikamwangukia mwanamke badala ya mwanamume aliyeamua. Wakubwa wa ikulu walimwita mlaghai mwenye uchu wa taji. Mrithi, Alexander III wa baadaye, hakumsamehe kamwe.

Maria alifariki tarehe 3 Juni 1880 kwa kalenda ya sasa. Arobaini yake ilipopita tu, tarehe 18 Julai, Alexander alimwoa Ekaterina kwa faragha huko Tsarskoye Selo. Ilikuwa ndoa isiyompa mke cheo cha mumewe, wala watoto haki ya kurithi kiti. Alipewa jina la Binti Mfalme Yurievskaya. Waziri Loris-Melikov, aliyekuwa akiandaa mageuzi ya kuwapa wawakilishi nafasi katika kutunga sheria, alimwona kuwa mshirika, na palikuwa na minong'ono kwamba Tsar alitaka kumvika taji.

Ndoa hiyo ilidumu miezi minane pungufu. Tarehe 13 Machi 1881, asubuhi ile ile alipoukubali mpango wa Loris-Melikov, Alexander alipigwa bomu na wanachama wa Narodnaya Volya, kundi la siri la wanamapinduzi. Alirudishwa kasrini miguu ikiwa imevunjwavunjwa, na Ekaterina akamkimbilia kabla hajakata roho. Alikata nywele zake ndefu na kuziweka katika jeneza.

Bila mumewe hakuwa na pa kusimama. Aliondoka Urusi na watoto akaishi Ufaransa, hasa Paris na Nice. Mwaka 1882 alichapisha kumbukumbu kuhusu Alexander kwa jina la kubuni, Victor Laferté. Alifariki Nice tarehe 15 Februari 1922, baada ya kuishi uhamishoni miaka arobaini na kuishuhudia dola ya Romanov ikianguka.

Binti yake Olga aliolewa na mjukuu wa mshairi Pushkin. Ekaterina, mdogo wao, akawa mwimbaji na kufariki Uingereza mwaka 1959.