Sotoka na Kazi ya Kuuchunguza Mzoga

Sisi watu wa Ihanda, katika nchi ya Karagwe, tumelelewa kumhesabu ng'ombe kuwa zaidi ya mali. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, waliona jinsi maziwa yalivyokuwa chakula cha heshima katika jumba lake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliyaangamiza makundi. Maradhi hayo yaliingia Afrika kwa upande wa Eritrea yapata mwaka 1887, yakashuka kusini, na njaa ikayafuata.

Wazee wetu waliona machozi, kamasi, vidonda vya kinywani na kuhara. Lakini yaliyofichwa ndani ya mwili hawakuwa na njia ya kuyasoma. Hiyo ndiyo kazi ya daktari mchunguzi wa maradhi ya wanyama. Yeye huupasua mzoga, akatazama matumbo, akapima vipande vya nyama kwa darubini, apate kupambanua sotoka na maradhi yanayofanana nayo. Pengine utumbo mpana wa ng'ombe aliyekufa kwa sotoka huwa na mistari myekundu, mfano wa mistari ya punda milia.

Mmoja wa wachunguzi hao alikuwa Walter Plowright, Mwingereza, aliyefanya kazi Muguga katika Kenya. Alitwaa virusi vya sotoka vya aina iitwayo Kabete O, akavikuza katika chembe za figo za ndama, akavihamisha mara kwa mara hata vikapoteza ukali, ila nguvu ya kumkinga ng'ombe ikabaki. Mwaka 1962 yeye na mwenziwe Ferris walitoa habari za chanjo hiyo. Plowright alifariki mwaka 2010; mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba sotoka imekoma duniani. Ni maradhi ya pili, baada ya ndui, kukomeshwa na binadamu.

Basi, ng'ombe akifa ghafula zizini, tusikimbilie kisu wala kugawana nyama, kwa maana kimeta huua watu pia. Tumwite daktari wa mifugo; yeye ajua mzoga upi wa kupasuliwa, na upi wa kuzikwa vivyo hivyo ulivyo. Nyama ya mmoja huliwa siku mbili tatu. Habari zilizomo katika mzoga wake zaweza kuliokoa kundi zima.