Tatuu mbichi ni kidonda: itunzeni hadi ipone



Idd iliyopita kijana mmoja wa kwetu anayefanya kazi Kimilili, kaunti ya Bungoma, alirudi Mombasa amevaa shati la mikono mirefu, na hakulivua siku mbili nzima katika joto letu hili. Siku ya tatu mamake alipomshika mkono, aliruka kwa maumivu. Chini ya shati palikuwa na tatuu ya siku sita, imevimba na inatoka usaha. Aliichora kule kwenye baridi ya Mlima Elgon, akaifunga nailoni, akapanda basi safari ya zaidi ya kilomita 800, na alipofika akaenda kuogelea baharini akiamini maji ya chumvi yataikausha.

Nimemuuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu kuwa aliogopa maneno ya wazee kuliko kidonda. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hapo ndipo nia yangu leo.

Hukumu yenyewe twaijua. Hadithi katika Bukhari na Muslim zimemlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, na sina la kupunguza hapo. Lakini aliyekwisha chorwa ana jeraha mwilini, na kulitibu jeraha si kuisifu tatuu.

Siku za mwanzo

Sindano hupeleka wino chini ya ngozi ya juu, kina cha milimita moja au mbili. Mahali pale pamedungwa mara maelfu, kwa hivyo ni kidonda wazi. Siku mbili za kwanza ni kawaida kuwa pekundu, kuuma kidogo na kutoa majimaji yaliyochanganyika na wino.

Fuata maagizo ya mchoraji kuhusu muda wa kuondoa kifuniko. Nailoni ya kawaida huondolewa baada ya saa chache, haiachwi siku kadhaa, kwani jasho likikaa ndani viini huzaana. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Osha tatuu taratibu kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Kwa anayetumia maji ya kisima au ya mto, kama wengi vijijini karibu na Kimilili, ayachemshe na kuyapoza kwanza. Kausha kwa kubonyeza karatasi safi ya shashi, usisugue kwa taulo la nyumba nzima. Kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi kidogo tu cha kung'arisha ngozi. Fanya hivi mara mbili au tatu kwa siku.

Spiriti, dawa kali za kuulia viini, dawa ya meno na majivu visiguse hapo. Dada zetu nao wasifunike tatuu mbichi kwa hina wala piko ili mama asione. Piko huweza kuunguza hata ngozi nzima, seuze yenye jeraha.

Wiki mbili hadi nne

Kuanzia siku ya nne hivi ngozi huanza kuwasha na kubambuka. Usikwangue wala usibandue magamba. Wino hutoka na kovu hubaki. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili au tatu, ya ndani huchukua miezi.

Vaa nguo pana ya pamba, iliyofuliwa. Huko Kimilili watu huvaa sweta na koti kwa baridi, na sufu hukwaruza na kushika magamba, basi tanguliza nguo laini ndani. Ukiwa shambani au kwenye zizi la ng'ombe, funika jeraha kwa kitambaa safi na ulioshe mara utokapo.

Kuogelea ni marufuku hadi ngozi ifunge kabisa: baharini, mtoni, hata bwawa la hoteli. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa maji ya bahari ni dawa ya vidonda. Maji hayo yana bakteria wake, na wengine huleta maambukizi mabaya wakiingia penye jeraha. Kuoga kwa kujimwagia maji hakuna ubaya. Jua la Pwani nalo likingwe kwa nguo.

Udhu na sala

Usiache sala kwa sababu ya tatuu. Ikiwa maji hayadhuru jeraha, osha kama kawaida, bila kusugua. Yakidhuru, dini imeweka njia ya kutayamamu na ya kupangusa juu ya bendeji. Sheikh wa msikiti wako atakueleza utaratibu wake. Ama kuiondoa, wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa ni wajibu pale ambapo hakuna dhara. Ikihofiwa dhara, halazimishwi, na toba yamtosha. Usijaribu kuikwangua mwenyewe wala kuichoma kwa tindikali.

Dalili za kukupeleka hospitali

Nenda hospitali bila kungoja ukiona wekundu unaenea baada ya siku ya tatu, uvimbe na maumivu vinazidi, usaha, harufu, homa, au mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani. Mwenye kisukari asingoje hata dalili ya pili. Aliye Kimilili aende hospitali ya pale mjini. Aliye huku aende zahanati iliyo karibu. Uliza pia kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

Ukishuku sindano ilitumiwa kwa mtu mwingine, nenda siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B na C.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mwana akikuonyesha tatuu yenye usaha, mpeleke kwa daktari kwanza, nasaha baadaye. Kijana wetu alipewa dawa za siku saba na mkono umepona. Kovu limebaki, na babake amezungumza naye, faragha, baada ya sala ya Isha.